Sentensi Niliyowaambia Wageni wa Mjomba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Dada anaendeleaje, na huyo mjukuu wako ameanza kuwaacha mlale? Mimi ni mzima, paa halivuji, na cherehani yako nimeifunika shuka isipate vumbi. Sikupiga simu kwa sababu simu ya dada inasikika mpaka kwa jirani, na shemeji hana kifua. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Unajua nilimaliza masomo ya Kichina nikiwa wa kwanza darasani. Usinisifu sana. Wenzangu wengi walikwenda China kupiga picha. Mmoja alijifunza kuuliza bei ya viatu, akaishia hapo, na sasa kwao ana kadi zinazomwita mtaalamu. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mkavu ambaye hakucheka nasi hata siku moja, nami nilimpenda kwa hilo. Alitufundisha kumhudumia mgeni: ukimimina chai unanyamaza na kusikiliza, na ukiombwa kusema, unasema sentensi iliyokamilika. Tulirudia mpaka taya zikauma.

Niliporudi ulikuwepo, uliona mwenyewe. Begi bado mkononi, mjomba akaniamuru niseme kitu kwa Kichina ukoo usikie, kama kasuku wa dukani. Nikakataa. Ulinikonyeza nimridhishe, nikajifanya sikukuona. Tangu siku hiyo anatangaza kwamba nilikwenda kula na kulala, na mama wadogo, ambao hawasomi hata maandishi ya dawa wanazomeza, wananionea huruma.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mjomba aliniita ofisini kwake, kule juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi, nikawape chai wageni wake wa biashara kutoka huko nilikosoma. Ofisi yenyewe ni kichekesho. Viti bado vimevalishwa nailoni, ukikaa vinalalamika, na ukutani kuna picha yake akipeana mkono na mtu ambaye mpiga picha alimkata kichwa. Wageni walikuwa bosi mmoja mwenye mvi na msaidizi wake. Mjomba alikuwa na mkalimani wake, kijana wa suti ya kubana, ambaye alimuuliza kama ni sawa kuongea mbele yangu. Mjomba akacheka, akamwambia asinihofu mimi, Kichina changu kiliishia uwanja wa ndege.

Basi nikamimina chai. Wale wakazungumza juu ya kichwa changu kama mimi ni stuli, na mjomba akawa anaitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa. Kichina cha yule mkalimani kilikwenda kama gari la kusukumwa, lakini nilifika nacho. Bosi aliuliza ghala litakuwa wapi. Mkalimani akajibu kwamba ni ile nyumba ya kona, ya dada wa mzee. Kwamba dada huyo ameshahamia kwa binti yake moja kwa moja na ameridhia. Kwamba ukuta wa chumba cha mbele utavunjwa ili lori liingie. Chumba cha mbele, Mama, unaposhonea. Kwa hasira nikaendelea kumimina kikombe kikiwa kimejaa, chai ikamwagika mezani.

Mjomba akaona aibu. Ili kuifunika akaamua kunifanyia mzaha, akamwambia mkalimani awaeleze wageni kwamba mpwa wake alisoma kwao, kisha akanigeukia na kuniamuru niwaambie walau neno moja, tucheke.

Aliniomba mwenyewe. Nikaweka birika chini, nikawaambia polepole, kama nilivyofundishwa, kwamba nyumba ile ni ya mama yangu, kwamba hajaridhia kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kwamba amekwenda kulea mjukuu tu na atarudi. Bosi aliacha kikombe chake. Aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba ndimo nilimozaliwa. Akasimama, akanishukuru, akaaga. Mkalimani alikunywa chai ya moto kwa mkupuo mmoja na hakutafsiri chochote.

Na mjomba alipiga makofi. Hajui mpaka leo. Anawaambia ndugu wote kwamba hatimaye mpwa wake amesema, na wageni wakasimama kwa heshima. Anasubiri simu yao, na mkalimani hapokei zake. Anajiona mjanja kutuzidi sote, na amenaswa na mdomo wake mwenyewe.

Lakini siku moja atajua, Mama, na siku hiyo sitaki kuwa peke yangu humu ndani. Ninaogopa, nakwambia kweli. Nimebadilisha kitasa, ufunguo ninao. Rudi mapema. Dada mwambie umeikumbuka cherehani, ataelewa baadaye.

Jana mjomba alikuja na mama wadogo, wakaketi hapo chumbani kwako, akaniomba niirudie ile sentensi yangu tamu. Safari hii sikukataa. Niliirudia yote, nikimtazama usoni, na wote wakapiga makofi tena, yeye kwa nguvu kuliko wenzake.

Mbusu mjukuu wako kwa niaba yangu, na dada mpe pole ya uzazi. Shemeji mwambie tu nimemsalimu, usiongeze neno.

Ni mimi kitindamimba wako,
ninayekungoja mlangoni.