Picha Yako Siitoi

Kataki, Kalemie
Tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa kaka Twahiri,

Assalam alaikum. Habari za Lubumbashi, na habari za baridi ya huko? Najua mwezi huu mnatembea mmejikunyata kama vifaranga. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, wifi Salama hajambo, na Seifu mdogo anaendelea vizuri na masomo. Sisi huku tu wazima. Idi imepita, nyama tumekula, na watoto walichafua nguo mpya kabla hata swala haijaisha.

Shangazi Mwavita bado anasumbuliwa na miguu, lakini mdomo ni mzima kabisa. Anauliza habari zako kila siku, na safari hii ana sababu.

Utashangaa kupata karatasi. Sikuwa na njia nyingine. Kwenye WhatsApp umenibloka, simu yangu hupokei, na nikimpigia wifi anasema umelala, saa nne asubuhi. Basi nimechana karatasi kwenye daftari la mtoto, na anayekuletea ni Serge, yule jirani yetu anayepeleka samaki wakavu, mikebuka, huko kwenu. Nimemwambia asitoke mlangoni mpaka aone umeifungua. Karatasi haiblokiwi, kaka.

Jambo lenyewe unalijua. Unataka nitoe picha yako kwenye profili yangu. Na unataka tuachie bustani ya baba kule kando ya mto Lukuga, ili yule bwana wa mchanga wa kujengea apate mahali pa kuweka malundo yake. Jibu langu kwa yote mawili ni hapana. Lakini wewe ni mkubwa wangu, siwezi kukutupia hapana kavukavu. Kaa kwanza, mwambie wifi akuletee chai, nikueleze.

Sisi wakulima wa mboga wa huku ukingoni tuna kundi letu kwenye simu. Aliyelianzisha ni Mama Constance, muuza mbegu wa sokoni, pale maji ya mafuriko yalipoanza kurudi nyuma na sisi tukarudi kulima. Shida ilikuwa kwamba watu hawajuani. Mtu anaandika kwamba ana miche ya shu, kabichi nzuri za kufunga vichwa, ukiangalia picha yake unaona mchezaji wa mpira. Mwingine ni gari. Mwingine ni malaika. Ndipo Mama Constance akaamua kwamba kila mmoja, kwa zamu, atatuma sauti yake atueleze picha yake imetoka wapi na kwa nini ameichagua.

Tumecheka, nikuambie ukweli. Papa Éliézer picha yake ni ya mbuzi, na wote tulidhani ni mfugaji. Kumbe mbuzi huyo ndiye aliyemlia miche yote ya nyanya, naye akampiga picha ili ukingo mzima umjue adui. Mbuzi alishaliwa Noeli iliyopita, picha imebaki. Kijana mmoja anayeitwa Aristote ana nyanya kubwa zinazong'aa, na watu walikuwa wakimsumbua awape mbegu. Zamu yake ilipofika akakiri kwamba nyanya hizo alizitoa kwenye mtandao, ni za Ulaya, yeye hajawahi kuzigusa. Wakamuuliza basi amezitundika za nini. Akajibu: "Njo vile nataka zangu zikuwe. Mwenye kunikataza ni nani?" Hakuna aliyemkataza.

Lakini kwa Mama Evodie kicheko kiliisha. Picha yake ni maji matupu, na nguzo moja imechomoza katikati. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba yake na matuta yake. Alisema huiangalia kila asubuhi, halafu anachukua jembe na kwenda.

Mimi nilikuwa na picha ya waridi, la bure tu, lililokuja na simu. Nikaona haya kusimama mbele ya watu kama Mama Evodie nieleze ua ambalo sijawahi kulipanda. Nikafungua sanduku la baba, nikatoa ile picha yako ya ujana, wewe na arozwari mkononi unamwagilia mboga. Nikaipiga kwa simu, nikaiweka. Simu nikaipeleka kwa jirani ipate chaji, nikashika njia ya bustanini.

Hapo nilikosea, na nakubali kosa hilo moja, usiniongezee jingine. Unajua desturi yetu: mtu akiweka picha ya zamani ya ndugu yake, peke yake, bila neno lolote, basi ana msiba. Hata mimi nimeshatuma pole kwa watu wengi kwa kuona picha tu. Lakini siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye miche ya vitunguu.

Mchana narudi, beleshi begani, nakuta mikeka imetandikwa uani. Shangazi Mwavita yuko katikati, kitenge amekifunga kiunoni, analia huku akitaja jina lako na la baba. Maharage yameshapanda motoni. Vijana wa msikitini wanauliza mwili utafika lini, kwa ndege au kwa treni. Nikauliza nani amefariki. Wakalia zaidi, wakidhani uchungu umenivuruga akili.

Ilichukua muda kuwaelewesha. Shangazi aliposadiki kwamba u hai, alijifuta uso, akaangalia sufuria, akasema: "Maharage yameiva. Hatumwangi." Na sheikh, kwa kuwa alishafika, akakuombea umri mrefu. Kwa hiyo tumekula matanga yako, kaka, na yalikuwa matamu.

Ya huko kwako nayajua. Najua habari ilifika Lubumbashi kabla ya mimi kuipata simu yangu, na jinsi dada zake wifi walivyoingia wakilia, na gunia la makala ya kupikia matanga kichwani, wakakukuta unakula bukari. Kwa hofu hiyo nilikuomba radhi, na leo naomba tena. Wifi alinisimulia yote kabla hujamkataza, na alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Lakini uliponipigia siku ile hukusema habari ya hofu peke yake. Maneno yako ninayo mpaka sasa. Ulisema: "Maimouna, toa hiyo foto. Ule muntu wa mu foto alishakufaka kweli. Na hiyo bustani vilevile." Kisha ukasema utamwambia chefu wa mtaa kwamba familia imeachia. Kisha ukanibloka.

Hayo ndiyo yaliyoniuma. Kilio cha uongo kiliisha na sahani za maharage, lakini maneno hayo hayajaisha. Nimekasirika, kaka, na nakuandikia nikiwa bado nimekasirika.

Sijasahau uliyoyaona. Ziwa lilipopanda na Lukuga ikajaa, wewe ndiye uliyevuna shu maji yakiwa magotini. Kesho yake ulikuta visamaki vinapita kati ya matuta. Yalipopungua ukapanda, yakarudi. Ukapanda tena, yakarudi tena. Ndipo ukaiweka arozwari chini ukapanda lori la kwenda Lubumbashi. Sikukulaumu siku ile wala leo sikulaumu, mtu ana watoto wa kulisha. Lakini kuondoka ni jambo moja, na kusema bustani imekufa ni jambo jingine, na hilo la pili hukulisema kwa macho. Ulilisema kwa simu.

Haijafa. Huku chini karibu na ziwa bado ziko nyumba zilizosimama ndani ya maji, lakini kule kwetu ardhi imetoka. Ilitoka imefunikwa na mchanga na magamba ya konokono, na inanuka. Niliutoa mchanga ule kwa beleshi na karai, tuta kwa tuta, watu wakipita wananionea huruma na wengine wananicheka. Nilipougusa ule udongo mweusi wa baba, nilikaa chini nikalia. Halafu nikainuka nikapanda lengalenga, maana hiyo haina maringo, inaota popote.

Leo mboga ya ngaingai imefika magotini. Shu zimeanza kufunga vichwa. Vitunguu viko kitaluni, nimevitengenezea kivuli cha matete. Kuna kiboko anayepita jioni akidhani mahali pale ni pake. Yeye na yule bwana wa mchanga wote wawili wafikirie upya.

Nilienda mwenyewe kwa chefu wa mtaa. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Lakini alinieleza wazi kwamba baba alipofariki bustani ilibaki mkononi mwa mtoto mkubwa, na mkubwa si mimi. Neno lako likifika, atampa yule bwana, na malori yake yataanza kumwaga mchanga juu ya mboga zangu. Neno hilo bado hajalipata, anakusubiri. Kwa hiyo usiniambie mambo yako mikononi mwa Mungu na serikali. Yako mdomoni mwako.

Nikukumbushe basi mdomo wenyewe, kwa sababu ndio ulionifanya niipende picha ile.

Zamu yangu kwenye kundi ilifika baada ya vurugu zote zile, na watu walikuwa wanataka sana kumjua huyo marehemu mzima. Nikawasha sauti nikawasimulia. Niliwaambia kwamba ilikuwa wakati wa vita, boti za Kigoma haziji na treni ya Kabalo haiji, baba amelala mgonjwa. Majirani walikuja na mizigo kichwani kukuambia wewe na sisi tuondoke pamoja nao tuvuke ziwa. Ulikuwa unamwagilia. Hukuiweka hata arozwari chini. Uliwajibu: "Tukienda, nani atanyweshea?" Mimi nilikuwa mdogo, lakini jibu hilo nililisikia kwa masikio yangu, na nilipolisikia nikaacha kuogopa.

Hatukuondoka. Waliobaki wa avenue yetu walikula lengalenga kutoka mkononi mwako mpaka boti ziliporudi. Na yule mpiga picha alipita siku hizo akitafuta chakula, akakupiga picha ili umpe vichwa vya shu.

Watu kwenye kundi waliniuliza mbona kwenye picha mdomo wako uko wazi vile, kama ulikuwa unaimba au unalia. Niliwaambia hapana. Anamkemea mpiga picha, kwa sababu amerudi nyuma kutafuta nafasi akakanyaga kitalu cha vitunguu. Vita nje, njaa ndani, na wewe unapigia mtu kelele kwa ajili ya miche isiyofika urefu wa kidole.

Nilipomaliza, ikaja sauti ya Mama Constance. Alisema: "Mama Maimouna, huyu si muntu wa kulilia. Mwambie akuje, tumupige ingine."

Usiniambie mtu yule amekufa, kaka. Mimi ndiye ninayelima kwa kukumbuka kelele zake. Ninapochoka, ninapotukanwa, kiboko anapovunja ukingo, nashika simu naangalia mdomo ule, narudi kazini. Ukisema alikufa, unaniambia nimekuwa nikimfuata maiti.

Kwa hiyo hili ndilo sharti langu. Picha siitoi kwa simu, siitoi kwa hasira zako, na chefu hawezi kunitolea. Naitoa kwa picha nyingine tu. Njoo mwenyewe kabla ya mvua. Usimame palepale. Arozwari ni ileile, imetoboka chini nimeiziba kwa kipande cha mpira, inavuja kidogo lakini inafanya kazi. Mama Constance atakupiga picha, na mara hiyohiyo ile ya zamani naitoa. Kisha zitazame hizo shu. Ukitaka bado kumwambia chefu kwamba bustani imekufa, tutamwita, umwambie ukiwa umesimama katikati yake, na mimi nipo nakusikiliza. Kutoka Lubumbashi sikubali. Kama hutaki watu wakulilie, njoo wakuone.

Nisalimie sana wifi Salama, mwambie makala ya dada zake yasirudishwe, yatafaa kwa baridi hiyo. Seifu mdogo mwambie jina analobeba ni la babu yake, mtu aliyeotesha vitunguu mahali ambapo wenzake waliona matope tu. Papa Éliézer, Aristote na Mama Evodie wanakusalimu, ingawa wanakujua kwa mdomo wazi peke yake. Shangazi Mwavita anakusalimu na kukuonya kwamba hatalia mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe njia nyepesi kutoka huko mpaka hapa, na aulainishe moyo wako kabla hujafika, au baada, nitavumilia.

Ukifika bustanini pita upande wa mapera, usikate katikati. Kitalu cha vitunguu nimekiweka palepale kilipokuwa siku ile. Ukikikanyaga, nitafungua mdomo kukuzidi.

Mdogo wako akupendaye, hata umbloke,

Maimouna