Mrija wa Nestori

Kibondo, Jumapili, mwisho wa Oktoba 1996. Mvua.

Shajara, mvua ilitukamata njiani, Makere, na mpaka sasa haijakatika. Nimefika, nimevua viatu vilivyojaa tope, nimefunga mlango ingawa bado ni alasiri na majirani wanapita. Sitaki mtu aniulize Kasulu kulikuwaje. Kasulu kulikuwa kuzuri. Nyama ilikuwa laini, bia haikukatika, bendi ya Wakongo ilipiga mpaka watu wakasahau makwao.

Nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Niandike taratibu, maana nikiandika kwa hasira nitawaonea watu wanaonipenda. Shida yenyewe ndiyo hiyo, kwamba wananipenda.

Safari za Kasulu tulizianza zamani, tungali vijana wasiojua kupika wala kufua. Zabroni ni dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa hapa, lori linalobeba mahindi ya kambi za wakimbizi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa linakwenda Kasulu likiwa tupu. Tunapanda wanne: Zabroni mwenyewe, Nestori ambaye ni mwalimu kule Kitahana na tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, Shabani mwenye duka ambaye barazani kwake ndipo ninapowekea cherehani yangu, na mimi. Siyo kwamba Kibondo hakuna bia. Ipo, na nyama ipo. Lakini Kibondo kila anayekuhudumia anamjua mama yako. Kasulu mtu unakuwa mgeni kidogo, unachomekea shati, unatembea katikati ya barabara kama una shughuli.

Na kituo cha kwanza hakikuwa baa. Kilikuwa kwa Mama Veronika, nyuma ya soko. Mama huyu aliingia nchi hii akiwa mtoto mgongoni, wazazi wake wakitoka Burundi, na pombe yake ya ndizi haina mpinzani Kasulu nzima. Analeta mtungi mmoja, anaonja yeye kwanza ili tujue hakuna sumu, anachomeka mirija mitatu. Mitatu, kwa sababu Shabani hanywi. Yeye hukaa pembeni na soda yake, akituhubiria moto wa jehanamu huku akitafuna karanga zetu. Sisi watatu tunainama juu ya mtungi, vichwa vinakaribia kugongana, na mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mezani anayasema pale. Pale ndipo Zabroni alipotueleza kwamba mkewe amerudi kwao na harudi tena. Pale ndipo mimi nilipowaambia kwamba nataka kumwoa Jeni.

Jeni nilimzika mwaka jana. Mtoto wetu yuko Munanila kwa mama yangu.

Mwezi wa sita nikatoka mkanda wa jeshi, ubavuni mpaka mgongoni, na hapa kwetu siku hizi mkanda wa jeshi ni kama tangazo. Hospitali walinitoa damu. Daktari alinipa jibu huku akitazama dirishani, kijana wa watu, nikamwonea huruma.

UKIMWI. Nimeliandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuliandika. Wenzangu sijawaambia, nao hawajaniuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi hata kuficha siwezi. Mimi ni fundi, na suruali yangu nimeipunguza kiuno mara mbili tangu Pasaka. Mwenye macho anaona jinsi mifuko ya nyuma ilivyosogeleana, imebaki kidogo ipeane mkono.

Miezi mitatu sikwenda Kasulu. Nilikuwa nalala, nahara, nalala tena. Mwezi huu nikapata nguvu kidogo, nikawaambia naenda. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Siyo nyama wala muziki. Nilitaka kuinamia ule mtungi na wenzangu kama zamani. Nilijiambia, wakinywa na mimi, basi bado nipo.

Ishara ya kwanza niliipata kabla lori halijawaka. Zamani kiti cha dirishani tulikuwa tunakigombea kwa viwiko, mshindwa anakaa katikati na magoti yake mdomoni. Jana Zabroni alishuka, akanifungulia mlango.

"Fundi, wewe kaa hapa upate hewa."

Nestori akanikunjia koti lake nilikalie. Nikapanda kama mama mkwe anayepelekwa harusini. Shabani peke yake alilalamika kwamba namwachia nafasi ndogo na mifupa yangu inamchoma. Nestori akamkanyaga mguu, nikaona.

Tulipofika Kasulu, njia ya kwenda sokoni ikaja, Zabroni akaipita. Nikamwuliza kulikoni. Akasema leo tuanze na baa, bendi itajaza watu, tutakosa meza. Saa hizo jua lilikuwa bado kali na hao wanabendi wenyewe walikuwa wanavuta nyaya za spika na kugombana na jenereta.

Kwa hiyo jana tulikunywa bia za chupa. Kila mtu na chupa yake, mezani, tumenyooka kama wajumbe wa kamati. Nilitaka kutoa fedha za mzunguko wangu, wakanirudishia mkono mfukoni. Nyama ya mbuzi ilipokuja wakanichagulia maini na minofu laini, wao wakabaki na mbavu. Sisi! Watu ambao tuliwahi kununiana siku nzima kwa sababu ya ubavu mmoja. Nikataja mpira, nikaitukana timu ya Nestori makusudi, nikasema golikipa wao anadaka kama mtu anayefukuza kuku. Nestori hajawahi kunikubalia neno lolote la mpira tangu tuko shule. Jana alitikisa kichwa akasema, "Kweli kabisa, fundi. Umesema kweli."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka. Mtu anayekufa ndiye anayeachiwa kushinda ubishi.

Mwimbaji wa bendi alipita mezani akatuuliza tunataka wimbo gani. Wote wakanigeukia mimi. Nikachagua ovyo, sikumbuki hata nilisema nini, akanipigia saluti na kusema, "Merci, papa." Papa, yaani baba! Nina miaka thelathini na mbili. Watu walicheza, akina dada wa Kasulu walipendeza, na mmoja mwenye gauni la kitenge ambalo kola yake ilikuwa imeshonwa upande alinitazama, kisha akahamisha macho. Simlaumu. Nilibaki naikagua ile kola, nikiwaza ningeifumua wapi.

Shabani tu ndiye hakubadilika. Alinyoosha mkono akachukua maini kwenye sahani yangu, akatafuna, akasema yamekosa chumvi, akachukua mengine. Nilitaka kumkumbatia. Baadaye nikafikiri, labda kwake ni rahisi. Yeye siku zote alikuwa na chupa yake, hakuwa na cha kuniondolea. Au labda ndivyo alivyo, mroho tu, Mungu ambariki na uroho wake. Sijui. Nimefika mahali pa kumchunguza mpaka mtu anayenitendea mema.

Leo asubuhi waliamka na haraka. Wingu limetanda, Zabroni anasema barabara itakuwa matope, tuondoke kabla ya mvua. Hakuna aliyemtaja Mama Veronika. Wakati wanakagua matairi, mimi nikaondoka kwa miguu.

Nilipumzika mara kwa mara njiani, lakini nilifika. Watu walikuwa bado kanisani, pale kwake kulikuwa kumetulia. Mama Veronika alinitazama kutoka juu mpaka chini, polepole, na nikajua ameshaona yote.

"Urakomeye, mwana wanje?"

Salamu ya kila siku tu, kuuliza kama mtu ni mzima. Nikamjibu ndakomeye, mimi mzima. Sote wawili tukaliacha lipite. Akaleta mtungi. Akaonja, kama ada, kwa mrija wake. Kisha akachomeka mirija mitatu bila kuniuliza, akanisogezea kigoda, akaenda kuchochea moto wake. Nikakaa peke yangu mbele ya mirija mitatu. Nilivuta kidogo. Ilikuwa tamu kama ilivyokuwa siku zote, na nikalia, kidogo, kabla wenzangu hawajafika.

Walifika na lori. Walikuwa wamenitafuta. Zabroni hakushuka, alibaki kwenye usukani akasema yeye dereva, hawezi kunywa asubuhi. Huyu ni mtu aliyewahi kuvuka Malagarasi akiimba na macho ameyafumba. Shabani alishuka, akaenda moja kwa moja kuuliza karanga.

Nestori alisimama kidogo pembeni ya lori. Kisha akaja. Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana. Akaushika mrija, akauinamia mtungi, nami nikainama, na kwa muda mfupi, Shajara, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kasulu.

Halafu nikaliona koo lake.

Lilikuwa karibu na macho yangu kabisa. Halikupanda, halikushuka. Mashavu ameyabonyeza kama anavuta, macho amefumba, midomo imeukaba mrija, na koo limetulia tuli. Akainua kichwa, akapumua kama mtu aliyekata kiu, akasema, "Ah. Huyu mama ni mama kweli." Akainama tena. Nikatazama tena. Halikusogea.

Nilipandwa na kitu ambacho hata sasa sijui nikiite hasira au aibu. Nilitaka kuuchomoa ule mrija niutupe mbali. Nilitaka kumwuliza mbele ya watu: si wewe unayewafundisha darasa la saba kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mikono? Alinisimulia mwenyewe somo hilo, palepale kwenye mtungi, jinsi watoto walivyokuwa wanacheka na yeye akawakemea. Anajua. Lakini alichokijua kimeishia kichwani, shingoni hakijashuka.

Kisha nikaona mkono wake ulioshika mrija. Ulikuwa umeubana mrija mpaka umeanza kupasuka.

Alikuwa anaogopa kweli. Anaogopa kama mtoto, na bado ameshuka kwenye lori, amekaa, ameweka mdomo wake pale ambapo anaamini kuna kifo, ili mimi nisikae peke yangu.

Nikamwambia kwa sauti ya juu, "Aisee, mwalimu, vuta taratibu, utatumalizia!"

Zabroni akacheka kule kwenye lori. Shabani akacheka mdomo umejaa karanga. Mama Veronika akasema walimu wote ndivyo walivyo, mshahara mdogo na kiu kubwa. Nestori naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, na midomo ilikuwa mikavu.

Tuliacha mtungi ukiwa karibu umejaa. Mama Veronika aliuchungulia, akanitazama mimi.

Njiani Nestori aliongea bila kupumua. Habari za mwalimu mkuu, habari za mahindi, habari za binamu yake wa Muyama aliyenunua baiskeli. Mimi nilijifanya nimelala. Mvua ilipoanza walinifunika na turubai la lori, wakalichomeka vizuri chini ya mabega, na nikawa nasikia Zabroni akinong'ona kwamba nimekonda sana, na Nestori akimwambia nyamaza.

Nimejiuliza tangu nifike: ningekuwa mimi ndiye Nestori, na yeye ndiye mimi, ningefanyaje? Ukweli ni kwamba nadhani nisingeshuka kwenye lori.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nestori amenifaa. Amenifaa kwa kadiri ya uwezo wake wote, nami nimerudi nikiwa peke yangu zaidi.

Naogopa kufa, sitadanganya hapa. Lakini kuna kitu ninachokiogopa zaidi kuanzia leo, nacho ni hii miezi iliyobaki ya kuheshimiwa. Kufunguliwa milango. Kuachiwa maini. Kukubaliwa kila ninachosema. Watanitunza vizuri, na kila watakaponitunza watakuwa wamesogea nyuma hatua nyingine, na mimi nitakuwa nawatania ili wasione kwamba nimewaona.

Mwezi ujao siendi. Nitawaambia nina sare za shule nyingi, na ni uongo unaoaminika, maana Januari si mbali na wazazi wameshaanza kuleta vitambaa. Najua watakavyofanya. Watakuja barazani wote watatu, watasimama mbele ya cherehani. Zabroni atasema safari hainogi bila mimi. Nestori atasema sare zinaweza kungoja. Watanibembeleza.

Naomba tu wasikubali upesi.