Picha Nilizompigia Baba

Malaga, Hispania
Jumanne, tarehe 26 Agosti

Dada Verediana,

Kamwene. Baba alitufundisha kwamba hata mtu uliyemkasirikia unamsalimia kwanza, ndipo unamwambia ubaya wake. Basi nakusalimu. Hapo Kihesa mnaendeleaje? Watoto hawajambo? Goti lako linasemaje na baridi ya miezi hii? Msalimie shemeji. Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma kwa sababu ya kazi, na jua la huku halina huruma, lakini nakula na nalala. Salamu zimeishia hapo.

Barua hii anakuletea Mujtaba, yule mtoto wa mzee Jaffer wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mlandege. Nimeandika kwa mkono kwa sababu mara tatu nimejaribu kukurekodia sauti kwenye simu, na mara tatu nimejisikia napiga kelele kama mlevi, nikafuta. Kalamu haipigi kelele. Shule yangu unajua iliishia kidato cha pili, kwa hiyo usamehe mwandiko. Maneno usiyasamehe, nimeyakusudia yote.

Kazi yangu nilikwambia. Asubuhi natandaza vitanda vya kuotea jua ufukweni na kusimika miavuli, mchana napita kuokota vikombe, jioni nakusanya kila kitu. Jumamosi iliyopita, chini ya mwavuli mmoja, nilisikia mume na mke wanagombana kwa Kiswahili. Mke anamwambia mumewe kwamba tangu wafike Hispania anamzungusha kwenye magofu kama mbuzi anayetafutiwa mnunuzi, na leo haondoki hapo mpaka miguu ipoe, hata kama kuna ngome ya dhahabu. Nilicheka, dada. Nikawaambia karibuni nyumbani. Yule mume akaruka, akaniuliza kama mimi si mtoto wa fundi mwashi Kalinga. Alikuwa Mujtaba, amekuja kutalii na mkewe Farzana.

Tulifurahiana kidogo. Kisha Mujtaba akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole ya msiba wa mzee. Akasema baba yake alifunga duka nusu siku kwenda kuzika. Akasema wiki iliyopita wamepeleka Kihesa saruji ya kujengea kaburi, mifuko mitano.

Nilikuwa nimeshika mwavuli. Nikasema asante. Farzana ndiye aliyeniangalia usoni akaelewa, akamfinya mumewe, akaniamuru nikae kwenye kitanda cha wageni, ambako sisi wafanyakazi hatukai. Msimamizi alipokuja kufoka, Farzana alimjibu kwa Kiswahili kwamba kama hana mama aende akatafute, na yule mtu, bila kuelewa hata neno moja, akaondoka.

Baba alifariki tarehe tisa Februari, Verediana! Leo ni mwisho wa Agosti. Mmemzika Baba, mmeanua matanga, mmefanya arobaini, mmeagiza saruji, na mimi nimekuja kuambiwa na mtalii.

Najua utakachosema. Utasema ni desturi, kwamba mtu aliye mbali na peke yake hapelekewi msiba kwa simu, anatumiwa ndugu wa kumshika mkono. Desturi naijua kuliko wewe, maana ilinikuta. Mama alipofariki nilikuwa Mwanjelwa nabeba magunia ya mchele. Baba mdogo Sosthenes alipanda basi kutoka Iringa mpaka Mbeya, akanikuta nina gunia mabegani, akasema mama anaumwa kidogo, twende. Njia nzima ni hivyo hivyo, anaumwa kidogo, anaumwa kidogo. Lakini Makambako alininunulia soda na kuku, na baba mdogo hajawahi kumnunulia mtu hata karanga. Nikajua. Nilifika nyumbani nimeshalia, na niliona turubai nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Hiyo ni desturi nzuri, siitukani.

Ila ilitungwa na watu wenye mabasi, dada. Kutoka Kihesa hadi Malaga hakuna basi. Mlikuwa mnamngoja nani aje kunishika mkono? Mlikaa na msiba wangu miezi sita kama watu waliohifadhi mzigo wa jirani, kila mmoja anasema siyo mimi wa kuupeleka.

Na kukaa kimya ningekuelewa. Wewe hukukaa kimya. Kila Jumapili ulinijibu.

Kumbuka lilivyoanza. Mwaka jana mwezi wa kumi, Baba alipopata kiharusi akalala, aliagiza nimwoneshe miji ya mawe. Mimi siku yangu ya kupumzika ni Jumapili tu, na kabla ya hapo nilikuwa nalala mpaka saa nane. Mji huu watu wanapanda ndege kuja kuutazama, mimi nilikuwa sijautazama. Nikaanza kutembea kwa ajili yake. Nilimpigia picha ule ukumbi wa michezo wa Warumi, ngazi za mawe za kukalia watu, uliokuwa umefukiwa miaka mingi hakuna aliyejua. Baba, akikutamkia wewe umwandikie, hakuuliza ni wa lini wala ni wa nani. Aliuliza maji ya mvua yanatokea wapi. Nilirudi Jumapili iliyofuata kutafuta mfereji.

Nilimpigia ngome ya Waarabu iliyo juu ya ukumbi huo. Jumapili alasiri wanaingiza watu bure, unapanga foleni na wazungu wenye kofia. Nilipomwambia kwamba nguzo nyingine za ngome walizichukua kwenye magofu ya Warumi hapo chini, akajibu kwamba kumbe mafundi wa Mlandege wana ndugu Hispania, wanabomoa ya mwenzao kujengea yao. Nilicheka njiani mpaka mama mmoja akahamisha mkoba wake upande mwingine. Nilipanda kilima hadi kwenye boma la juu kabisa, unaiona bahari, meli, na uwanja wa kupigana na ng'ombe ulivyo mviringo kama sufuria. Baba aliuliza ukuta unapokata kona una ufa au hauna. Nikarudi. Haukuwa na ufa.

Mimi sikuwahi kuongea na Baba hivyo, dada. Miaka yote nilipokuwa namkorogea chokaa alikuwa ananifokea tu. Tulianza kuongea yeye akiwa kitandani na mimi nikiwa ng'ambo.

Na hizo ndizo picha baba mdogo Sosthenes alizowaonesha watu msibani! Mujtaba hakutaka kunieleza, Farzana ndiye aliyemlazimisha amalize alichoanza. Watu walipouliza mtoto wa kiume yuko wapi, baba mdogo alitoa simu akawaonesha mimi nimesimama kwenye ngome natabasamu, akasema huyo hapo, anatalii. Wakasema kijana anakula bata Ulaya, baba yake anaingia ardhini. Arobaini mkazichapisha, mkazibandika ukutani, watu wakala pilau wanazitazama. Verediana, ulikuwepo. Ulikuwa na mdomo. Ungeshindwa nini kusema huyu hajui?

Baba mdogo nitamfikia siku yake. Leo ni wewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenifanya nichane karatasi mbili kabla ya hii.

Kanisa kuu la hapa lina mnara mmoja. Wa pili ulianza kujengwa ukaishia njiani, mpaka leo ni kisiki, na watu wa mji wanaliita kanisa lenye mkono mmoja. Niliituma picha hiyo mwisho wa Januari. Baba akauliza: kwa nini hawakumalizia, fundi alikufa, au tajiri alikimbia? Nilikwenda kumuuliza mlinzi wa mlangoni kwa Kihispania changu cha ufukweni. Akaniambia watu husema fedha za mnara zilipelekwa kwenye vita ng'ambo. Nikaandika jibu refu, nikapiga picha mawe ya juu yalivyoachwa, nikatuma. Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na sita Februari.

Ukajibu: "Baba amefurahi sana. Anasema panapendeza. Tuma nyingine."

Dada, Baba hakuwahi kusema panapendeza, hata siku ya kipaimara changu. Baba angeuliza mbao za jukwaa la mafundi walizitoa au zilioza pale pale. Angeuliza mvua inayoingia kwenye kisiki inakwenda wapi. Niliisoma meseji yako nimekaa kwenye ngazi za kanisa, na nilijua. Nilijua vile vile kama nilivyojua kwa soda ya Makambako.

Sikukuuliza. Karatasi zangu za ukaazi zinatoka mwezi wa tatu mwakani. Nikitoka Hispania kabla ya hapo, sirudi, na miaka minne ya kuchuma nyanya mashambani na kutandaza vitanda inapotea. Ungeniambia Baba amefariki, ningelazimika kuchagua, na naogopa nilikuwa nimeshachagua. Basi nikaendelea kupiga picha. Soko, mnara wa taa ya kuongozea meli, bustani, mitaa yenye marumaru inayong'aa kama imemwagiwa mafuta. Jumapili ishirini na saba nimemtembeza marehemu, na wewe ukaniambia amefurahi. Ulinidanganya, nami nilikushikia mlango upite. Ndiyo maana nina hasira hivi. Ingekuwa hatia yako peke yako ningeshakusamehe.

Sasa nisikilize. Unajua Baba hakufunga ukuta wa mtu hata siku moja. Mstari wa mwisho aliacha pengo la jiwe moja, akamwita mwenye nyumba aje aliweke kwa mkono wake, hata awe mkurugenzi mwenye suti. Alisema nyumba isiyo na jiwe la mwenyewe ni ya kupanga. Kaburi la mama alilijenga hivyo hivyo, akatuachia mapengo mawili, lako na langu. Mimi nilichubuka kidole, akanifokea makaburini.

Weka jiwe lako. La kwangu liacheni, kona ya kichwani, upande wa kulia. Fundi asiweke vigae. Baba alikuwa anaviita sahani za ukutani. Mujtaba ameapa kwamba duka lao halitatoa mfuko wa sita, wa kuzibia pengo hilo, mpaka nifike. Baba mdogo akisema ni aibu kuacha kaburi na pengo, mwambie Malaga wameacha mnara mzima na watu wanatoa nauli kwenda kuutazama. Mwezi wa nne mwakani nakuja.

Na sasa zamu ya kupiga picha ni yako. Kila Jumapili, baada ya misa, nenda makaburini. Niambie maji ya mvua yanatokea wapi. Ufa ukitokea, niambie. Usithubutu kuniandikia panapendeza.

Nisalimie watoto, waambie mjomba wao hali bata. Msalimie mzee Jaffer, mshukuru kwa ile nusu siku. Baba mdogo usimsalimie, lakini mpe chai akija. Nawe kanda goti lako kwa maji ya moto, usiende shamba na umande.

Na watu wakipita pale makaburini, wakiuliza kuhusu pengo kama Baba alivyouliza kuhusu mnara, wajibu hivi: fundi alikufa kweli, lakini mwenye jiwe hakukimbia.

Ni mimi mdogo wako,
Marcelino Kalinga