Nundu Niliyoiita Samaki

Jumatatu, 3 Machi

Kazi ya kuongeza kina cha bandari imeingia wiki ya pili. Tope linachimbwa gatini, linajazwa kwenye tishari, tagi inalivuta tishari hadi nje, milango ya chini inafunguliwa – tope linashuka baharini. Safari mbili kwa siku. Mahali pa kumwaga pamechaguliwa kwa ramani niliyoichora mimi: kina cha pima ishirini na tisa, tambarare, hakuna kitu chini. Nilijisikia mtu, nisijidanganye.

Saa nne kaingia nahodha wa tagi na viatu vyake vya matope. Tunamwita Kisiki, maana akishasimama mahali hang'oki. Kasimama mbele ya meza yangu. Bwana Rula, ndivyo anavyoniita, ramani yako si inasema tope tupu? Nikasema ndiyo. Basi niambie ni tope gani hilo linaloing'ang'ania nanga saa nzima!

Jana alitia nanga palepale ili injini ipoe. Nanga ikanasa. Walipoing'oa ikaja na waya mnene kama kidole gumba, umevikwa mpira, na kipande cha bati chenye rangi ya kijivu. Kaniwekea mezani, juu ya karatasi safi.

Takataka za meli, nikasema. Mkuu wa ofisi kacheka – bahari haina mfagiaji.

Kijivu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda stoo nikitafuta magombo ya mwaka ule tulipopima nje ya bandari. Miaka tisa imepita. Kila gombo kwenye kopo lake, tarehe juu, kwa mkono wangu. Nilijua ningelipata. Niliomba nisilipate.

Mstari wa ishirini na mbili. Sindano ya mashine ya mwangwi, ile inayopima kina kwa sauti, imechora sakafu ya bahari imenyooka kama meza. Halafu nundu. Halafu meza tena. Pembeni, kwa penseli, neno moja: samaki. Mwandiko wangu.

Nimepima mara nne. Nundu ina milimita tisa. Kwa mwendo wa boti siku ile, hiyo ni kama mita sitini na saba. Ni kundi gani la samaki linajipanga hivyo?

Utaratibu wa ofisi unajulikana: ukiona nundu kwenye mstari mmoja tu, rudi upite juu yake tena. Hatukurudi. Ilikuwa Jumamosi, fainali inatangazwa redioni saa kumi. Nikaandika samaki, boti ikageuzwa. Ukweli wote ndio huo, hakuna mwingine.

Ukutani nyumbani kuna picha ya nyambizi iliyopakwa rangi ya kijivu. Nyuma yake mume wa Shangazi ameandika kwa wino: futi mia mbili na ishirini, bibie, na mimi ndiye ninayeziendesha injini zake! Futi mia mbili na ishirini ni mita sitini na saba.

Waliishi pamoja miezi mitano, vita vikamchukua. Barua ya serikali ikasema nyambizi haijulikani ilipo, wala watu wake. Hakuna neno "kufa" ndani yake. Wachumba walipokuja Shangazi aliwarudisha mlangoni: sijafiwa, sijaachwa, nitaolewaje? Akakaa na cherehani yake. Mimi, mtoto wa kaka yake, akanichukua nina miaka saba. Miaka thelathini na mbili sasa tangu barua ile, na bado anasema mume wangu hapendi chumvi nyingi.

Leo ameniuliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Mkuu gombo. Kalitazama kwa miwani, kisha bila miwani.

– Mstari mmoja. Na wewe mwenyewe umeandika samaki. Leo samaki wako wamegeuka chuma?

Nikamwonyesha bati la Kisiki. Kasema ukikusanya kila bati lililoko baharini utajenga mji. Anataka kipimo cha pili. Boti ya kupimia imepandishwa nchi kavu, inakwanguliwa tumbo, haishuki kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepiga hesabu: hadi wakati huo tishari litakuwa limemwaga karibu mara hamsini. Tani mia nne kila safari. Na nundu yenyewe imetokeza pima tatu tu juu ya sakafu. Itazikwa! Nami nitarudi na mashine, nione meza, na safari hii nitakuwa nimeandika kweli.

Kisiki kanikuta nimeegemea ukuta wa stoo. Bwana Rula, nani kafa? Nikamweleza yote. Hakutania tena. Kaniambia nije kesho na bildi, kama mabaharia wa zamani.

Alhamisi, 6 Machi

Kwenye tagi tangu saa mbili asubuhi, tishari limejaa nyuma yetu. Bildi ni kipande tu cha madini ya risasi kwenye kamba yenye alama za pima. Chini yake kuna tundu, unalijaza sabuni, sabuni inakuletea ilichokigusa. Nimetupa mara thelathini na moja. Ishirini na tisa, tope. Ishirini na tisa, tope. Ishirini na nane na nusu – tope letu wenyewe hilo, jipya. Viganja vimechubuka.

Mara ya thelathini na mbili: ishirini na sita. Sikusikia sauti, ila mkono ulisikia. Kitu kigumu. Sabuni imekuja na unga wa kutu na gamba la rangi. Kijivu.

Nilipiga kelele, usifungue! Kisiki kasema ndugu yangu, nikirudi na tishari limejaa, kesho simo kazini. Kisha kavuta mita mia nne mbele na kumwaga huko. Leo tu, kasema. Kesho mkaguzi wa kazi atakuwa humu na mimi, kuona tope linamwagwa palipopangwa.

Mkuu kanusa sabuni. Kutu ni kutu, kasema, lakini si kwa sauti ya jana. Kanipa karatasi: niandike kwamba ramani yangu ina kosa, nitie sahihi. Unajua ramani ikiondolewa melini anaondolewa nani pia? Najua. Nimetia sahihi. Karatasi imewekwa kwenye trei. Inangoja muhuri. Mwenye muhuri amesafiri, anarudi Jumatano. Hadi hapo tope linaendelea kama kawaida. Kama kawaida!

Nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa amekaa mezani kwangu. Gombo limekunjuliwa mbele yake, mkasi umewekwa upande huu lisijikunje, upande wa pili utepe wake wa kupimia nguo. Jana nililileta nyumbani, nikaliacha wazi. Mimi, ninayefunga hata wino!

– Hii nundu ni nini, mwanangu?

Nikamwambia. Kila kitu, hadi tishari. Hakulia. Kaweka kidole juu ya neno.

– Huu mwandiko nimeufundisha mimi.

– Ndiyo, Shangazi.

– Mlikuwa na haraka ya nini?

– Mpira. Redioni.

Kidole kimebaki palepale.

– Mlishinda?

– Tulifungwa tatu bila.

– Afadhali.

Kaenda jikoni. Chakula kimekuja hakina chumvi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naandika nimesimama.

Shangazi amevaa viatu vya ngozi, vile vya kwendea ofisi za serikali. Kwapani ana mto wa kiti cha cherehani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kasema bandarini, kukaa kwenye tishari.

Nikasema Shangazi, ni tope lile! Ndiyo maana nimechukua mto, kasema.

Nikamwambia bado si hakika. Chuma kinaweza kuwa meli yoyote. Unaweza kukaa juu ya tope bure. Kaniangalia kama alivyoniangalia nilipoleta sifuri ya hesabu.

– Nataka kufiwa, mwanangu. Miaka thelathini na mbili nimenyimwa hata hilo. Wakikuta si yeye, nitashuka. Lakini waangalie kwanza!

Nimejaribu kumtajia mkuu wa ofisi, muhuri, Jumatano, mkaguzi. Kasema Jumatano ni mbali, na huyo mkaguzi ana mama yake pia.

Tishari linaondoka saa mbili. Kutoka hapa hadi getini ni dakika arobaini kwa mwendo wake. Pasi ya kuingilia bandarini ninayo mimi, ya mtu mmoja na mgeni wake.

Yuko mlangoni. Anauliza kitu kimoja tu, ananiuliza mimi kwa kuwa ni mtu wa vipimo: milango ya chini inaweza kufunguliwa mtu akiwa juu ya mzigo?

Inaweza. Hakuna kitu cha kuizuia ila mkono wa Kisiki.

Anangoja jibu. Natafuta viatu vyangu.