Viti Vitupu vya Saluni

Mdogo wangu,

Baba amesema leo asubuhi, mbele yangu na mama, kwamba anarudisha ufunguo wa saluni kwa mwenye nyumba. Mkataba wa pango una jina lake, kwa hiyo usidhani anakutisha.

Sisi wazima. Goti la mama limepata nafuu, na bati la jikoni limezibwa.

Juzi nilimsindikiza baba akanyolewe ndevu kwenye saluni hiyo aliyokuachia, kabla hujaenda kufungua ya pili huko uliko. Bawabu wako mpya, asiyemjua, akamzuia mlangoni: "Mzee, tumejaa. Hapa ni kwa miadi tu."

Baba akachungulia ndani. Viti vyote vilikuwa vitupu. "Mmejaa nini, mwanangu, hewa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bawabu akanong'ona kwamba bosi ameagiza watu wasubirishwe nje, ndipo huduma ionekane ya maana.

Sabuni ni ileile aliyokufundisha kuikoroga. Wembe ni uleule. Ulichopandisha bei ni mlango, na wateja wanaapa kwamba siku hizi wananyolewa vizuri zaidi! Ungewachezea wenye fedha zao tu, ningenyamaza. Umemfukuza aliyekulea, na sikufichi, nina hasira nawe.

Baba anakutana na mwenye nyumba Jumatatu, saa tatu asubuhi. Simu yako hapokei. Njoo mwenyewe.

Ni mimi, dada yako.