Historia ya Eliakunda, Mpiga Pembe

Bombo, 12 Agosti 1974

Mwanangu Novatus,

Nakusalimu kwanza. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto na yule mbuzi mwekundu aliyekula sabuni. Wewe je, na joto la huko mkongeni? Unakula?

Najua simu ya maandishi ilikufikia tumeshazika, kwa hiyo nikueleze mwenyewe. Mjomba wako Eliakunda, ndugu yangu, alitutoka Jumanne. Walikuja watu mpaka wa vijiji vya ng'ambo. Mtu aliyetupigia pembe ya msaragambo, ya kutuita kwenye kazi za pamoja, miaka thelathini, nani angebaki nyumbani?

Basi, kabla mchungaji hajasoma historia ya marehemu, balozi wetu wa nyumba kumi, Asheri, akachukua ile pembe bila kumwuliza mtu, akasema anamuaga mzee. Akaipiga mara tatu. Mwanangu, pembe ile ikilia sisi tunashika majembe, hatujui kingine. Watu walitazamana kidogo, kisha miguu ikawabeba. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta niko nyumbani natafuta jembe nyuma ya mlango. Pale kaburini walibaki mchungaji, jeneza na wifi yangu Asnath.

Tuliporudi na aibu zetu, manyunyu yalikuwa yameanza, na karatasi ya mchungaji imelowa haisomeki. Naye ni mgeni, hakumjua mzee. Tukafukia haraka haraka.

Sasa Asnath amenuna. Anasema mumewe amefukiwa kama mtu asiye na jina. Pembe ameificha, na haitalia mpaka mumewe asemwe palepale kaburini. Bila pembe hakuna msaragambo, na bila msaragambo nani atatoa matope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia? Vuli ikitukuta hivi, maji yote yatapita zake na mashamba ya chini yatakauka. Wewe ni karani. Andika historia ya mjomba wako.

Ni mimi mama yako,
Rogathe

---

Mkongeni, 29 Agosti 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, usihangaike. Pole ya goti, na poleni wote kwa msiba. Mpe pole na mbuzi.

Historia hiyo hapo, kurasa mbili. Nimeipiga chapa kwa mashine ya ofisini, na karani mkuu ameisifu. Inaanza hivi: "Marehemu alikuwa mzalendo shupavu, mpinga unyonyaji na mfano bora wa kujitegemea, ambaye hakuliweka jembe chini hata siku moja." Mwambie mchungaji aisome taratibu, hasa ukurasa wa pili.

Mwanao,
Novatus

---

Bombo, 15 Septemba 1974

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti linaendelea vizuri, mbuzi pia.

Nilimsomea wifi historia yako jikoni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga uji wake, kisha akaniuliza: "Na huyu aliyekufa ni nani?"

Novatus, unasema hakuliweka jembe chini. Lini alilishika? Mjomba wako akishapiga pembe alisema midomo imechoka, akaanza kuzunguka kwenye vyungu vya akina mama kuonja kama kande zimeiva. Kijiji kizima kinajua. Ungesomwa uwongo ule, watu wangecheka kaburini, na Asnath angetuhama.

Huku hali ni mbaya. Matope ya ndiva yananifika magotini. Asheri alijaribu kuita watu kwa kupiga debe, wakaja mbuzi watatu. Katibu wa kata akaleta barua yenye mhuri. Watu wakaisikiliza kwa heshima, wakaenda zao.

Mwandike alivyokuwa. Umesahau siku ya Uhuru? Alipiga pembe kwa furaha tu, watu wakaja na majembe na sururu, wakamwuliza kazi iko wapi. Akaona haya kusema hakuna kazi, akanyoosha kidole kwenye mteremko wowote ule. Ndiyo barabara yetu ya zahanati hiyo. Andika vitu kama hivyo, na ufanye upesi, mawingu yameshaanza kukaa juu ya mlima Shengena.

Mama yako,
Rogathe

---

Mkongeni, 2 Oktoba 1974

Mama,

Shikamoo. Nimeona aibu. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, na karani mkuu sijamwonyesha.

Nimeweka vyungu vyote, na barabara. Nimeweka na siku nyumba ya Kuluthumu ilipobomoka. Mwanamke mgeni, mumewe yuko mkongeni huku, hana ukoo hapo Bombo. Baadhi ya wazee walisema pembe hailii kwa ajili ya mtu mmoja. Mjomba hakubishana nao, alipiga tu. Jioni ile Kuluthumu alilala chini ya paa.

La mwisho ni langu, na wewe hulijui. Nilipokuwa darasa la sita nilikimbia msaragambo, nikalala migombani. Walipoita majina sikuwepo, na baba angetozwa faini ya mbuzi. Mjomba akasimama akasema amenituma. Baadaye akaja kunitoa kwenye migomba, akaniambia: "Kesho nikipiga, uje wa kwanza. Nitakuwa nakutazama." Nilikuja wa kwanza, na kila siku mpaka nilipohama. Sikumshukuru hata mara moja, Mama. Nampenda mzee yule, na sikumzika. Lisomwe na hilo.

Mwanao,
Novatus

---

Bombo, 21 Oktoba 1974

Mwanangu Novatus,

Mungu akuweke. Jana baada ya ibada tulikwenda kaburini wote, na mchungaji akasoma. Kwenye vyungu watu walicheka mpaka Asheri akakaa chini, na aliyecheka zaidi ni Asnath. Kwenye lako la migombani akajifunika kanga usoni, akalia. Kuluthumu alikuja akamshika mkono.

Alipotulia, Asnath alikwenda nyumbani akarudi na pembe. Tukajua anakuja kumkabidhi mtu. Asheri alikuwa ameshafuta midomo, mikono ameitanguliza. Asnath akampita, akaiweka mdomoni mwake mwenyewe. Mwanamke, Novatus. Mlio wa kwanza ulikuwa kama wa ndama aliyekosa mama yake. Wa pili ukapanda mpaka juu kwenye msitu.

Mchungaji akakumbusha kwamba ni Jumapili. Asnath akamjibu kwa upole kwamba mvua haina kalenda. Mchungaji akafikiri, akavua kanzu, akaomba jembe.

Tulitoa matope mpaka jioni. Asnath naye alichimba, maana anasema yeye midomo yake haichoki. Tulipomaliza akaja kukaa karibu yangu ukingoni mwa ndiva, matope mpaka kwenye nyusi. Halafu akasema:

"Wifi, sasa tumemzika."

Mama yako,
Rogathe