Hakuna wa Kunituma

Jumanne usiku.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nawaonea wivu wenzangu wanaotumwa kazi nyumbani.

Leo mwalimu wa Kiingereza alitufundisha kusema nani anakufanyisha kazi na nani anakuruhusu, zile "make" na "let". Akataka kila mmoja atoe sentensi ya kwao. Neema akasema mama yake anamchotesha maji kabla jogoo hajawika. Darasa likacheka, naye akanuna. Zamu yangu ilipofika nikasema mama huniamsha kila asubuhi nifagie uwanja.

"Vizuri, Kabula. Kaa."

Sentensi ilikuwa sahihi. Ila mama yuko Kaniha na ng'ombe, mimi nimepangishiwa chumba hapa Nyakahura, karibu na shule. Tangu Rehema, tuliyekuwa tukiishi naye chumbani, ahame nalala peke yangu. Nisipofagia, nisipokula, hakuna wa kuuliza. Wenzangu wanasema nina raha. Raha gani, mtu unaongea na sufuria...

Jioni nilifagia uwanja wote, mpaka mlangoni kwa bibi mwenye nyumba. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaingia zake ndani. Nikajiona mjinga. Nani kanituma?

Nasikia ndala zake. Zinakuja huku.

"Kabula, hujalala? Njoo unichambulie maharage ya kesho, macho yangu hayaoni vizuri."

Daftari naliweka chini ya godoro. Nimetumwa.